Uzi: Nimefunga banda la uyoga giza totoro, umetoka mashina matupu. Kwani kuvu huona mwanga?

Khayega_Uyoga (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mkulima mdogo wa hapa Khayega, Kakamega. Nalima uyoga wa oista, ule ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mamama. Huu ni msimu wangu wa pili na nimeumia, ndiyo maana naandika.

Msimu wa kwanza nilitumia chumba cha nyuma cha mama, chenye dirisha la mbao lisilofunga sawasawa. Mavuno hayakuwa mabaya. Baadaye nikahudhuria mafunzo ya siku moja, mkufunzi akasisitiza kwamba uyoga ni mtoto wa giza na mwanga unauchoma. Nikarudi nyumbani, nikajenga banda la udongo, nikaziba kila upenyo, nikatandaza plastiki nyeusi ukutani. Mifuko 60 ya makapi ya miwa yaliyochemshwa, mbegu safi. Nyuzi nyeupe zilitembea vizuri ajabu, na kufikia wiki ya tatu kila mfuko ulikuwa mweupe kama maziwa lala.

Kisha ukatoka uyoga ambao sijawahi kuuona. Mashina marefu, membamba, yameshikana kama matumbawe, na juu yake kofia ndogo kuliko kifungo cha shati. Mama anayeninunulia sokoni aliushika, akautazama, akaurudisha kwenye beseni bila kusema neno.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Mifuko minne iliyokuwa karibu na mlango, pale ambapo ubao umepasuka na jua la asubuhi hupenya, ilizaa uyoga wa kawaida kabisa, kofia pana za kijivu. Banda moja, mbegu moja, maji yale yale. Uyoga hauna majani wala macho. Huo mwanga wa ufa unaujuaje?

---

Nyakach_Mkulima

Pole sana kaka. Naona unautafuta mchawi mahali asipo. Hilo si suala la mwanga, ni hewa. Nyuzi za uyoga hupumua kama sisi, zinavuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi. Hewa hiyo ikizidi sehemu 1000 hivi katika milioni, oista hurefusha shina na kofia hukataa kufunguka. Wewe umefungia mifuko 60 ndani ya udongo na plastiki! Ufa wa mlango ulileta hewa safi, mwanga ulifuata tu. Fungua matundu, utanishukuru.

---

Khayega_Uyoga

Asante dada, na nakubali hewa ni muhimu. Ila nilisahau kueleza: ukuta wa nyuma una bomba la hewa la inchi 4, nililikunja kiwiko ili mwanga usiingie. Ukisimama chini yake unahisi ubaridi shingoni. Mifuko iliyo pale inapata hewa kuliko ile ya mlangoni, maana ufa wenyewe ni mwembamba kama wembe. Na bado pale chini ya bomba ni mashina matupu.

---

Mwalimu_Maseno

Ndugu wa Khayega, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeangalia mifuko minne iliyokataa kufanana na mingine. Dada Nyakach amesema kweli kuhusu hewa, na mimi sipingi hata nukta. Lakini kuvu huona. Nafundisha bayolojia na jambo hili nalipenda sana, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Tuanze na ukungu wa mkate, siyo uyoga. Kuna ukungu wa rangi ya chungwa uitwao Neurospora crassa. Mwaka 1843 Wafaransa waliandika habari za ukungu wa aina hiyo uliovamia mikate ya Paris. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1941, George Beadle na Edward Tatum waliutumia kuonyesha kwamba jeni huongoza kazi za kemikali ndani ya seli, na mwaka 1958 wakapata Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo ni kiumbe kinachofahamika sana maabara.

Sasa, ukiukuza ukungu huo gizani, nyuzi zake hubaki nyeupe. Ukiumulika kwa mwanga wa buluu, nyuzi zinaanza kutengeneza karotenoidi, rangi za ukoo mmoja na ile ya karoti na viazi vitamu vya njano, na zinageuka rangi ya chungwa. Jeni za kazi hiyo huwaka haraka sana, ndani ya nusu saa hivi. Ukiumulika kwa taa nyekundu, hakuna kitu. Ndiyo maana watafiti wa Neurospora wakitaka kufanya kazi "gizani" huwasha taa nyekundu: wao wanaona, ukungu hauoni.

Walipatikana ukungu wenye kasoro ambao hata ukiwamulika kutwa nzima nyuzi zao hubaki nyeupe. Mbegu zao vumbi, zile spora zinazotokea sehemu ya juu ya mrija wa kioo wanamokuzwa, bado ni za chungwa, hivyo chini yake unaona ukanda mweupe kama ukosi wa shati. Wakaitwa hivyo hivyo kwa Kiingereza, "white collar", yaani "ukosi mweupe", na jeni mbili zilizoharibika zikapewa jina hilo: wc-1 na wc-2. Giuseppe Macino na wenzake huko Roma walichapisha muundo wa wc-1 mwaka 1996. Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti Marekani yakathibitisha kwamba protini ya wc-1 yenyewe ndiyo inayopokea nuru. Siyo msaidizi wala mpeleka habari. Ndiyo jicho.

Jicho hilo linafanya kazi hivi. Protini ina mfuko mdogo ndani yake, na humo imekaa molekuli iitwayo FAD, ambayo seli huitengeneza kutokana na vitamini B2. Vitamini B2 ni ya njano, na ni ya njano kwa sababu inameza buluu. Chembe ya nuru ya buluu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi, ikiingia pale, FAD inajifunga kwenye sehemu moja ya protini, na protini inabadilika umbo. Protini za jeni hizo mbili, WC-1 na WC-2, huwa zimeshikana na zimekaa juu ya DNA tayari. Umbo likibadilika, jeni zinawashwa. Hakuna neva, hakuna ubongo. Mpokeaji wa ujumbe na mwasha swichi ni mtu mmoja.

Na jeni za jamii hii zimepatikana katika kuvu nyingi mno, pamoja na uyoga. Kuna uyoga mdogo wa samadi, Coprinopsis cinerea, ambao ukiukuza gizani hutoa shina refu na kofia isiyokomaa. Walipochunguza ule usioona mwanga kabisa, walikuta kasoro iko kwenye jeni iliyo ndugu wa wc-1. Soma tena maelezo ya banda lako, ndugu yangu.

---

Kondele_Kijana

Mwalimu nimesoma yote mara mbili. Swali la mtu wa mtaani: mmea unatafuta mwanga kwa sababu unapika chakula nao. Uyoga haupiki, unakula makapi ya miwa. Mwanga wa nini basi?

---

Mwalimu_Maseno

Swali zuri kuliko maelezo yangu. Kwa mmea nuru ni chakula na ni habari pia. Kwa kuvu ni habari tu.

Fikiria maisha ya nyuzi. Ziko ndani ya gogo, ndani ya udongo, ndani ya samadi. Huko ni giza. Nuru hupenya udongo milimita chache tu. Uzi ukikutana na buluu, maana yake umefika ukingoni, nje kuna upepo, na mbegu vumbi zikiachiliwa zitakwenda mbali. Uyoga ukifungua kofia yake ndani ya gogo umepoteza nguvu bure. Ndiyo maana shina la gizani linaendelea kurefuka: linatafuta mlango.

Habari ya pili ni ya hatari. Panapo jua pana miale ya urujuanimno inayokata DNA. Kwa hiyo amri ile ile inayosema "umefika nje" huwasha rangi za kujikinga, na katika kuvu nyingi huwasha pia kimeng'enya kiitwacho fotolaizi kinachorekebisha DNA iliyoharibika, na chenyewe hutumia nuru ya buluu kama nguvu ya kazi. Ndiyo sababu ukungu wenye kasoro ya macho mara nyingi hufa upesi ukipigwa na miale hiyo.

Habari ya tatu ni saa. Neurospora ina saa yake ya ndani, na ikiachwa gizani siku baada ya siku mzunguko wake ni saa 22 hivi, siyo 24. Buluu ya alfajiri ndiyo inayoirekebisha kila siku. Hapa Maseno mstari wa ikweta unatupitia, jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, lakini hata hapa saa isiyorekebishwa ingekosea kwa saa mbili kila siku.

Na kuvu haipigwi na bumbuazi ikimulikwa. Neurospora ina protini nyingine ndogo, VIVID, ambayo hutengenezwa baada ya nuru kufika na kuutuliza mwito, ili jicho lizoee mwangaza uliopo na bado lihisi ukiongezeka. Ni kama ukitoka kwenye jiko lenye moshi hadi uani saa sita mchana: unapepesa, kisha unaona.

---

Njoro_Mifugo

Nimepita tu, ila uzi huu umenigusa. Mimi natibu mifugo upande wa Njoro na Molo. Mnazungumza habari za uyoga, acha niwape ya ng'ombe.

Kuna kuvu mdogo anayeota juu ya samadi mbichi ya ng'ombe, anaitwa Pilobolus. Asubuhi na mapema, kwenye baridi yetu ya huku, ukiinama unaona vijiti vyembamba kama vioo, kila kimoja kina kibofu cha maji na juu yake kofia nyeusi ndogo. Kibofu kile kinafanya kazi ya lenzi. Kinakusanya nuru, na kijiti kinajipinda mpaka kielekee palipo na mwangaza, buluu hasa. Kikishalenga, kibofu kinapasuka na kofia inarushwa hadi mita 2 na zaidi. Ng'ombe hali nyasi zilizo karibu na kinyesi chake, kwa hiyo kuvu lazima itupe mbegu mbali, na palipo wazi ndipo penye nyasi.

Linalonihusu mimi: minyoo ya mapafu, Dictyocaulus viviparus. Viwavi wake wako kwenye kinyesi hicho hicho na ni wavivu wa kutembea. Hupanda kile kijiti, hukaa juu ya kofia, na kuvu inaporusha, wao wanarushwa nayo hadi kwenye malisho safi. Ndama anakula, baada ya majuma kadhaa anakohoa, shingo imenyooshwa, ulimi nje. Nimewaona ndama wa hivyo na inauma. Ugonjwa unasafiri kwa sababu kuvu inajua kulenga dirisha.

---

Mwalimu_Maseno

Daktari, asante sana. Hii sikutegemea kuipata kwenye uzi wa uyoga.

Niongeze ndugu mmoja wa huyo Pilobolus, Phycomyces. Max Delbrück, aliyepata Nobel mwaka 1969 kwa kazi ya virusi vya bakteria, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuuchunguza. Kijiti chake hukua milimita 3 hivi kwa saa na hujipinda kuelekea nuru, kuanzia hafifu kama ya nyota hadi jua kali. Kijiti chenyewe ni lenzi: nuru ikiingia upande huu hukusanyika upande wa pili, upande huo unakua haraka zaidi, na kijiti kinainama kuelekea taa. Ukikizamisha ndani ya mafuta mazito ya parafini, yanayopinda nuru kuliko kijiti, lenzi inageuka na kijiti kinainama kuikimbia taa! Mwaka 1918 jambo hilo lilikwisha kuonyeshwa. Nikilisimulia darasani huwa nasimama kidogo niwaache wanafunzi wafikiri.

---

Nyakach_Mkulima

Haya mwalimu, nimesoma na nimenyamaza siku mbili. Nakubali mwanga una kazi. Lakini naogopa jambo moja: ukungu wa kijani. Mwaka jana ulinila mifuko karibu nusu. Kama mwanga unaamsha uyoga, hauamshi na adui?

---

Mwalimu_Maseno

Unaamsha, dada, na uwezo wa kuona wanao wote wawili. Huo wa kijani mara nyingi ni Trichoderma. Kuna aina yake, Trichoderma atroviride, ambayo ukiikuza gizani ni nyeupe tupu. Imulike kwa buluu muda mfupi, irudishe gizani, na baada ya siku moja au mbili utakuta pete ya kijani pale pale ulipokuwa ukingo wake wakati wa kumulikwa. Imeandika saa uliyofungua mlango.

Kwa hiyo giza la mwanzo, nyuzi zikiwa bado zinatembea kwenye mfuko, lina faida yake. Halimuui adui, usafi na kuchemsha vizuri ndivyo vinavyomzuia. Ila mfuko ukishakuwa mweupe wote, giza halina kazi tena kwa oista.

---

Nyakach_Mkulima

Basi nimeelewa hata mkufunzi wa Khayega alipopotelea. Kaka, uyoga wa batani, ule mweupe wa duara unaouzwa kwenye supamaketi, hauhitaji mwanga kuzaa. Wakulima wake wanaukuza gizani mwanzo hadi mwisho na unatoka vizuri. Nadhani ulifundishwa somo la batani ukaenda kulima oista. Sikulaumu, na mimi niliyekuambia achana na mwanga nilikuwa nimeshika nusu tu.

---

Khayega_Uyoga

Dada, umenitoa mwiba. Nilijua lazima kuna mahali maneno yake yalikuwa kweli, maana alizungumza kama mtu aliyeyaona.

Sasa nataka kujaribu mwenyewe. Nina mifuko 12 iliyojaa nyuzi. Nifanyeje ili hewa isiniharibie hesabu?

---

Mwalimu_Maseno

Tengeneza vyumba vinne vidogo kwa makatoni makubwa, vyote viwe na matundu ya hewa sawa, idadi sawa na ukubwa sawa, yamefunikwa na kiwiko cha katoni. Mifuko mitatu kila kimoja. Cha kwanza giza. Cha pili balbu nyekundu ya LED. Cha tatu balbu ya buluu. Cha nne balbu nyeupe ya kawaida ya LED. Saa 12 kwa siku. Ukinyunyiza maji nyunyiza vyote, na usiku usitumie tochi ya simu, maana LED nyeupe kwa asili ni buluu iliyopakwa unga wa njano, ina buluu nyingi. Tumia koroboi ya mafuta kwa mbali. Moto wake ni wa njano na mwekundu zaidi.

---

Kondele_Kijana

Balbu za rangi ziko Kisumu, zile za mapambo ya sherehe. Naweza kukununulia nikakutumia kwa matatu ya Kakamega.

---

Khayega_Uyoga

Wanajukwaa, narudi baada ya wiki mbili na siku tatu. Balbu zilifika, Mungu ambariki kijana wa Kondele.

Katoni la giza: mfuko mmoja haukutoa kitu, miwili imetoa mashina yale yale ya matumbawe. Katoni jekundu: karibu sawa na la giza, nilishangaa, maana mimi nikichungulia naona mle ndani peupe kabisa, lakini kwao ni usiku. Katoni la buluu: vijichwa vilianza siku ya tano, vikajaa, kofia pana, rangi imekolea kuliko zote, kijivu cha kuelekea buluu. Katoni jeupe: kama la buluu, rangi imepoa kidogo.

Mifuko 12 ni michache, najua. Lakini nilikaa mbele ya yale makatoni mawili, jekundu na la buluu, yamepangwa bega kwa bega, hewa moja, maji mamoja, na nikamwita mama aje aone. Mama alinyamaza kidogo akasema obwoba, yaani uyoga, wa kichuguu nao hutoboa udongo kwa shina refu, kofia hufunguka ikifika juu. Amekuwa akiuchuma tangu akiwa msichana.

Plastiki nyeusi nimeitoa. Nimekata madirisha mawili upande wa mashariki, nimeweka wavu wa nzi. Pembe moja nimeiacha giza kwa mifuko michanga.

---

Njoro_Mifugo

Safi sana. Dirisha la mashariki usiliache jua liipige mifuko moja kwa moja, itakauka. Mwanga wa kuweza kusomea gazeti unatosha.

---

Mwalimu_Maseno

Ndugu wa Khayega, matokeo yako nimeyasoma kwa sauti mbele ya kidato cha tatu.

Nao hawakukubali kubaki nyuma. Wiki iliyopita walileta samadi mbichi ya ng'ombe, wakaiweka ndani ya kopo kubwa la mafuta ya kupikia, wakafunika, wakatoboa tundu moja ubavuni la ukubwa wa shilingi na kuliziba kwa plastiki angavu. Kopo likakaa dirishani. Leo asubuhi tumelifungua. Kwenye ile plastiki tumehesabu nukta nyeusi 43, zimerundikana kama zilizopigwa na mtu mwenye shabaha. Kwenye ukuta wote wa ndani uliobaki, nukta 5.

Kopo la pili tundu lake limezibwa kwa selofani nyekundu. Msichana mmoja wa kiti cha mbele ameniuliza mara tatu leo tutalifungua lini. Nimemwambia Ijumaa, saa mbili asubuhi, kabla ya paredi.